Uzi: Wakimya wa Kigoma na Tabora, tunapigaje stori na watu tusiowazoea?

Fundi_wa_Mwanga

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nauanzisha kwa ajili ya watu wa aina yangu. Tunapenda watu, na ukitukalisha na rafiki mmoja tutaongea mpaka taa zizimwe. Lakini ukituweka kwenye daladala ya Ujiji au kwenye kikao cha harusi pembeni ya mtu tusiyemjua, ulimi unakuwa mzito. Wengine wanadhani tunaringa. Na mtaani kwetu mtu akishasemwa kwamba anajisikia, hata akiumwa majirani watakuja kumwona kwa kusitasita. Kwa hiyo jambo hili mimi silioni dogo.

Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, jirani na soko. Kazi yangu ni ya macho na mikono, ila mteja akileta simu isiyopokea chaji hasimami nje. Anavuta kiti, anakaa mbele yangu, anasubiri. Hapo maneno lazima yawepo. Nimekaa kwenye kiti hiki muda wa kutosha kujua kipi kinamsaidia mtu mkimya, na kipi ni ushauri ambao wasemaji wanapeana wenyewe kwa wenyewe. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Kwanza tutenganishe mkimya na mwenye hofu. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, ndiye aliyeyaeneza maneno introvati na ekstravati kwenye kitabu chake cha mwaka 1921. Kwa maelezo yake, kuna mtu ambaye nguvu zake zinaelekea ndani, kwenye mawazo yake mwenyewe, na kuna ambaye zinaelekea nje, kwa watu na mambo yanayomzunguka. Hakusema wa kwanza ni mgonjwa. Hofu ni jambo jingine: moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka, unaghairi kwenda dukani ukiona pana watu, usiku hulali unarudia kila ulichosema mchana. Mtu anaweza kuwa mkimya bila hofu yoyote, na mwingine akawa msemaji mkubwa huku ndani anatetemeka. Kama yako ni hofu, na inakukwamisha kazini au masomoni, usiishie kwenye uzi huu. Mwone mtaalamu wa afya ya akili, inatibika.

Sasa hoja yangu. Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni umeandikwa kwa watu ambao salamu yao ni neno moja na jibu moja, kisha wanabaki kutazamana. Ndiyo maana wanaambiwa waandae mada, wasome habari za siku, wawe na vichekesho. Sisi tumeshapewa njia. Habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mama anaendeleaje, na kazi je? Ukipanda huku juu kwa Waha, Kasulu au Buhigwe, utawaona wazee wanasalimiana kwa makofi ya taratibu, wakisema mwakeye, salamu ya Kiha, mtu ameinama kidogo, na nyumba nzima inaulizwa kabla hujaambiwa karibu kiti. Hakuna anayekudai uwe mcheshi pale. Maneno yapo, zamu yako inajulikana, mwendo ni wa polepole. Salamu ya namna hiyo ni kama imetengenezwa kwa ajili yetu, halafu sisi ndio wa kwanza kuikata: "poa", na macho yanarudi kwenye simu.

Mkimya asiikimbie salamu, akae ndani yake. Asalimie taratibu, na baada ya kila swali asubiri jibu kweli. Katika majibu matatu au manne ya kawaida, salama, nzuri, tunashukuru, mara nyingi kuna moja litakalotoka na mkia. Mkia huo ndio wa kushika.

Nitoe mfano wa kazini. Anakuja mama anayeuza dagaa, anatoka mwaloni Kibirizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Za Kibirizi?"

"Salama tu, ila si unaona mwezi huu."

Hapo ndipo wengi tunajibu "aa, sawa" na stori inafia mlangoni. Asiyelijua ziwa atadhani mama anaongelea tarehe. Anaongelea mwezi wa mbinguni. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na za betri. Dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga unatapakaa ziwa lote, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi wanapumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo mama ameniambia kwamba wiki hii hana biashara. Nikimuuliza, "Sasa mwalo unalala mpaka lini?" sina kazi nyingine. Atanieleza bei ilivyopanda, waliobaki na mzigo wa zamani, mwanaye aliyeenda kulima kwa siku hizi. Mimi nasema "ehee", "kumbe", "ikawaje?" huku nachomelea sistimu ya chaji. Akiondoka anasema kijana huyu ana maneno mazuri. Maneno yote yalikuwa yake, mimi nilichofanya ni kumsikiliza mpaka mwisho.

Narudia maana hapa ndipo penye msingi: huhitaji mada. Mada anayo mwenzako, na kwa desturi yetu ataitoa ndani ya salamu usipomkatisha.

Karibuni mchangie. Watu wa Tabora nao najua mna yenu.

Asali_ya_Isevya

Fundi, mwangaluka. Nimesoma yote.

Mimi nipo Tabora mjini, nauza asali na nta, na ni mkimya tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akipeleka ujumbe kwa majirani ananiruka, anamtuma mdogo wangu. Lakini biashara ya asali huwezi kuifanya kwa kunyamaza, kwa sababu kila mteja anataka uhakika kwamba haijachanganywa na sukari. Anaonja, anakutazama usoni, anauliza imetoka wapi. Nikimjibu Sikonge au Urambo, naongeza swali langu: "Kwenu mnaitumia kwa chai au kwa dawa?" Hilo swali halijawahi kuniangusha. Kila mtu ana bibi yake aliyekuwa na dawa ya asali, na atamsimulia.

Nataka kuongeza kuhusu utani, maana Fundi hukuugusa. Huku kwetu Unyamwezini utani una mizizi mirefu. Babu zetu walibeba mizigo kwenye misafara kutoka hapa mpaka pwani, na njiani walitaniana na watu wa kila walikopita. Utani wetu na Wazaramo mpaka leo unasikika, hata msibani. Mkimya anauogopa kwa sababu anaona lazima ajibu papo kwa papo kwa neno kali. Si lazima. Mtani anataka kuona hujakasirika. Cheka, tikisa kichwa, mwambie "leo umenipata, siku yako inakuja", yamekwisha. Nimewaona watu wanajilazimisha kurudisha utani ambao hawauwezi, wanatoa neno ambalo halikaliki. Bora cheko la kweli kuliko utani wa kulazimisha.

Kijana_wa_Nguruka

Nawaheshimu wote wawili lakini nina swali ambalo huwa haliulizwi. Kwa nini kila siku mkimya ndiye anayefundishwa? Mbona msemaji hafundishwi kunyamaza?

Mimi nasafiri na treni mara kwa mara, Nguruka kwenda Kigoma au kwenda Tabora. Nimetoka shambani, nimechoka, nataka kuegemea dirisha nione pori la Malagarasi likipita. Mtu ananianza: unatoka wapi, unafanya kazi gani, kabila gani, umeoa? Sasa nikinyamaza nina dharau? Naona uzi huu unamwongezea mkimya mzigo, unamwambia tabia yake ina kasoro ya kurekebishwa.

Fundi_wa_Mwanga

Kijana wa Nguruka, swali lako ni la haki na nisingependa lipite bila jibu.

Sisemi mkimya abadilike. Nitabaki mkimya, na sitamani kuwa vingine. Ninachokitafuta ni kwamba tabia yangu isimwumize mtu ambaye hajanikosea. Mzee anayekaa pembeni yako kwenye treni hajui kwamba umechoka. Yeye anachokiona ni kijana ambaye hakumwitikia.

Halafu kuna kitu kilichofanyiwa utafiti ambacho kinafanana na habari yako ya treni. Mwaka 2014 watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa abiria wa treni za Chicago. Baadhi waliombwa waongee na abiria wasiyemjua, baadhi wakae peke yao bila kuongea, baadhi wasafiri kama kawaida yao. Walioongea ndio waliosema baadaye kwamba safari yao ilikuwa nzuri zaidi. Watu wengine waliulizwa watabiri tu bila kujaribu, nao walitabiri kinyume kabisa, kwamba kukaa peke yao ndiko kungekuwa na raha. Mimi najifunza hapo kwamba kichwa changu kinaponiambia "usimsemeshe, itakuwa balaa", kinaweza kuwa hakijui.

Kijana_wa_Nguruka

Nimekuelewa, ila safari za hao watu ni za asubuhi kwenda kazini mjini. Dakika chache mtu ameshuka. Hii yetu Tabora mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 400, usiku unakukuta ndani. Nikimfungulia mtu mdomo Urambo, nitaongea naye Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza, mpaka Kandaga. Nani ataweza?

Asali_ya_Isevya

Hapo umesema kweli, na ndiyo maana safari ndefu ina utaratibu wake. Sikiliza ninavyofanya mimi.

Nikikaa tu, kabla treni haijaondoka, nasalimia waliopo wote. Namuuliza jirani yangu swali moja: "Mwenzangu unashukia wapi?" Ni swali lisiloingilia mambo ya mtu, na lina faida kwa wote, tunajua nani atamwamsha nani na nani ataangalia mizigo ya nani. Nikitoa chakula, namkaribisha. Mara nyingi atasema asante nimeshiba, haidhuru, umemkaribisha. Baada ya hapo namwambia waziwazi, "Mimi ngoja nijinyooshe kidogo, tukifika Kaliua nitaamka." Hakuna atakayeniita mwenye maringo. Ukimya wa mtu aliyekwisha kukusalimia na kukukaribisha chakula haumkeri mtu. Unaokera ni ule wa mtu aliyeingia, akaweka begi, akageuza mgongo.

Kwa hiyo Nguruka, maneno machache ya mwanzo ndiyo yanayokununulia dirisha lako. Usiyakwepe, yatoe mapema ukiwa bado na nguvu.

Kijana_wa_Nguruka

Hili la kutoa mapema nalichukua. Lakini bado nasema wasemaji nao wafundishwe kusoma uso wa mtu.

Fundi_wa_Mwanga

Kwa hilo tuko pamoja kabisa. Uzi wao waufungue, nitachangia.

Mwalimu_Mgeni_Kasulu

Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Mimi ni mwalimu, nimehamia Kasulu kutoka Mbeya. Watu ni wakarimu sana, sina malalamiko. Kinachonifanya nikwepe kukaa na watu ni maswali. Umeolewa? Una watoto wangapi? Mbona hujapata bado, unasubiri nini? Mbona umekonda, huku chakula hukipendi? Wanauliza kwa upendo, naona kabisa, ila mengine yananigusa mahali panapouma na siwezi kuanza kueleza historia yangu dukani. Nikinyamaza naonekana nimekasirika. Nikijibu, yanafuata mengine. Mtu mkimya anafanyaje hapo?

Asali_ya_Isevya

Mdogo wangu, pole. Hayo maswali nayajua, na mengine niliyabeba miaka mingi.

Kitu kimoja kilinisaidia, nikupe na wewe. Swali la namna hiyo halidai habari zako. Mama wa dukani hajaja kuchukua takwimu. Anataka kuonyesha kwamba anakujali, na njia aliyofundishwa ni hiyo. Kwa hiyo mpe jibu linalopokea kujali kwake bila kufungua mlango. "Mama, tuombeane." Ndilo jibu. Halisemi ndiyo wala hapana. Linamheshimu, linamtaja Mungu kwa wanaomtaja, na kwa adabu zetu ukishaambiwa tuombeane huna pa kuendelea. Mengine: "Mungu akipenda utasikia." "Heri itakuja." Kuhusu kukonda, "Tunashukuru uzima." Useme ukiwa umemtazama na umetabasamu, si kwa haraka ya kukimbia.

Halafu mara moja, kabla hajavuta pumzi, mrudishie swali juu yake mwenyewe. "Wewe je mama, wajukuu wameongezeka?" Mtu mzima aliyeulizwa habari za wajukuu zake hakumbuki tena alikuwa anakuuliza nini. Na usimuulize kwa hila. Sikiliza kweli, maana wajukuu hao ndio furaha yake.

Akiwepo mmoja anayeng'ang'ania baada ya hapo, huyo una haki ya kumwambia kwa upole, "Mama, hilo naomba tuliache." Sauti ya chini, hakuna ubaya. Mimi nimelisema mara chache sana, na sikupoteza mtu.

Mwalimu_Mgeni_Kasulu

Asante dada, nimeguswa. Hilo la "tuombeane" nimelisikia maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kulitumia hivyo.

Na wenzangu shuleni je? Ofisi ya walimu wakati wa chai kelele ni nyingi, watu kumi wanaongea kwa pamoja. Siku nikichangia neno, usiku mzima nawaza labda nilisema upuuzi.

Fundi_wa_Mwanga

Mwalimu, kwenye kundi la watu kumi mkimya asishindane. Kaa pembeni ya mmoja, yule aliyenyamaza kidogo kuliko wengine, uongee naye huyo. Pia fika mapema. Chumba chenye watu wawili ni rahisi kukiingia kuliko chenye kumi ambao stori zao zimeshakolea. Ukiwa wa kwanza, wanaokuja ndio wanaokusalimia wewe.

Kuhusu kuwaza usiku: mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu wasiojuana walikutanishwa, wakaongea, kisha kila mmoja akaulizwa amempenda mwenzake kiasi gani, na anadhani yeye amependwa kiasi gani. Kwa kawaida watu walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Wenye haya ndio walijipunja zaidi. Kwa hiyo ile hukumu unayojipa usiku, wenzako hawajaitoa. Wao wameenda kulala wanawaza neno lao wenyewe.

Mzee_wa_Baraza_Ujiji

Vijana wangu, asalaam aleikum, na wasio Waislamu salaam pia.

Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, nikamwambia aniandikie. Mimi nakaa kijiwe cha kahawa hapa Ujiji tangu ujana. Mnasema habari za watu wakimya kana kwamba barazani hawana nafasi. Barazani anayehitajika sana ni msikilizaji. Wasemaji wapo tele, kila mmoja anataka kumaliza lake. Asipokuwepo wa kumtazama akasema "ehe, wee!" stori inakufa.

Nina rafiki, sitamtaja, maneno yake kwa jioni nzima yanaweza kuhesabika. Anakuja, anasalimia kwa mkono mmoja mmoja, anaagiza kahawa, akiwa na kitu anawanunulia na wenzake, anakaa. Mtu akisimulia, yeye ndiye anayeuliza lile swali la katikati, "Huyo bwana si ndiye aliyehamia Bangwe?" Unajua kwamba alikuwa anafuata. Asipokuja siku mbili tunamtuma kijana aende kumjulia hali. Msemaji mmoja wetu alisafiri wiki nzima, hatukutuma mtu.

Kijana anayeanza kuja barazani asihangaike kutoa stori. Asalimie wazee, akae, asikilize. Mpira ukizungumzwa na haujui, aseme "mimi mpira siujui, hebu nieleze hawa wawili wana ugomvi gani". Mzee gani atakataa kueleza?

Ila simu aweke mfukoni. Anayesikiliza huku anapapasa kioo, sisi tunamhesabu kuwa hajaja.

Fundi_wa_Mwanga

Mzee wangu, shikamoo. Umenifurahisha sana. Hilo la swali la katikati, kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walilifikia kwa njia yao mwaka 2017. Waliangalia mazungumzo ya watu wasiojuana wakaona wanaouliza maswali mengi zaidi wanapendwa zaidi, hasa maswali yanayofuatilia kile mwenzako alichokisema sasa hivi. Kule kuruka kutoka swali la kazi kwenda la kabila kwenda la ndoa, kama alivyofanyiwa Nguruka kwenye treni, si kufuatilia. Ni kuhoji.

Sasa mniruhusu niseme la msiba, maana naliona ndilo zito kuliko yote na mkimya ndiye anayelikimbia.

Msibani hakuna neno la kubuni. "Poleni sana." Basi. Umeshika mkono wa mfiwa, umekaa naye kidogo, umenyamaza. Anayejaribu kuongeza, kuuliza ilikuwaje, aliumwa nini, ndiye anayeharibu. Ukimya wetu pale una thamani yake kamili. Tatizo ni saa zinazofuata. Msiba wa huku unakaa siku kadhaa, turubai limefungwa, wanaume wamekaa huku, wanawake kule, na maongezi lazima. Wakimya wengi wanatoa rambirambi wanaondoka, na jirani anakumbuka kwamba hukukaa.

Tafuta kazi ya mikono. Beba viti, chota maji, pasua kuni, shika daftari la rambirambi. Akina dada, pale kwenye sufuria na kuosha vyombo. Mtu mwenye kazi hadaiwi maneno. Na kitu cha ajabu ni kwamba maneno yanakuja yenyewe. Watu wawili wanaopasua kuni hawatazamani usoni, macho yako kwenye gogo, na mkimya akiondolewa macho ya mtu usoni ulimi unakuwa mwepesi. Mimi naongea vizuri na wateja kwa sababu naangalia simu iliyofunguliwa, siwaangalii wao. Ukiniketisha uso kwa uso kwenye kiti cha wageni sebuleni nitakuwa mtu mwingine. Urafiki wangu wa kina na majirani, karibu wote, umeanzia misibani na kwenye kubeba viti vya harusi za watu.

Kwa hiyo ukialikwa mahali palipojaa watu, usiwaze utasema nini. Uliza, "Nisaidie wapi?" Utapewa kazi, na kazi itakupa mtu wa kuongea naye.

Mwalimu_Mgeni_Kasulu

Na kuondoka? Mimi nikishakaa siwezi kutoka. Naogopa kumkatisha mtu, nakaa mpaka nachoka kabisa, siku inayofuata sitaki kumwona mtu yeyote.

Asali_ya_Isevya

Kuaga kwetu kuna hatua, mdogo wangu, na hatua hizo ndizo zinazokulinda. Usisimame ghafla. Kwanza toa dalili ukiwa bado umekaa: "Haya mama, nisikuweke sana, una kazi." Umeiweka kwamba unamjali yeye, na ni kweli anazo kazi. Anasema "aa, kaa bwana", unacheka, unakaa kidogo tena, kisha unasimama. "Wasalimie nyumbani." "Zimefika." Unaulizwa utakuja lini, unasema panapo majaliwa. Mtu akikusindikiza mpaka njiani, mkubalie, hiyo ni heshima. Yote hayo yanachukua muda, kwa hiyo anza kuaga ukiwa bado una nguvu, usisubiri kuishiwa.

Na ukifika kwako funga mlango upumzike bila kujilaumu. Watu wa nyumbani waambie tu: nimetoka kwa watu, nipeni nusu saa. Mume wangu alizoea.

Kijana_wa_Nguruka

Naongeza la simu za sauti. Hizo za "nilikuwa nakujulia hali tu". Shangazi zangu wanapiga kila Jumapili na wakimaliza salamu kunakuwa kimya, kila mtu anasubiri mwenzake.

Fundi_wa_Mwanga

Nguruka, hapo piga wewe kwanza, ukiwa unatembea au una kazi ya mkono, na useme mwanzoni kabisa: "Shangazi, shikamoo, nimekupigia kukujulia hali tu, niko njiani." Muulize goti, muulize mahindi, mwambie neno moja la kwako hata kama ni dogo, kwamba mvua imenyesha au umenunua jembe. Halafu aga. Simu fupi uliyoipiga wewe ataisimulia wiki nzima, na Jumapili akipiga atakuta mmeshaongea.